Usikubali Kuambiwa "Itazoea"

Umeingia Kirinyaga Road na rimu za chuma zenye kutu, umetoka na rimu za aloi zinazometameta na matairi mapya yenye vinyweleo vya mpira. Pikapu imependeza. Umepanda Museum Hill, ukashika Waiyaki Way, na ulipopita Kangemi barabara ikafunguka, ukakanyaga mafuta. Kwenye 80 usukani ukaanza kucheza mikononi. Kwenye 90 kioo cha kati kikaacha kuonyesha magari ya nyuma, kikawa kinaonyesha ukungu. Ukampigia aliyekufungia. Akajibu kwa upole: "Itazoea tu, bosi."

Haitazoea. Kuna mtetemo mmoja tu wa tairi unaoisha wenyewe: ule wa gari lililoegeshwa kwa muda mrefu, tairi likabonyea pale lilipogusana na sakafu. Huo huisha tairi likishapata joto, baada ya kilomita chache. Mwingine wowote una chanzo, na chanzo hakizoei. Kinakula beringi, kinakula tairi jipya ulilolipia juzi, na siku mbaya kinaachia gurudumu katikati ya wachuuzi na watoto wa shule wanaovuka pale Uthiru.

Hatua ya kwanza ni kufunga masikio, maana Nairobi ina madaktari wa magari wengi kuliko magari. Jirani atasema ni alaimenti. Shemeji, ambaye hana gari, atasema ni shoki. Mlinzi wa gorofa atainama, atapiga tairi teke, na kutikisa kichwa kwa huzuni. Wasikilize kwa adabu, wala usinunue kitu. Alaimenti ikiharibika gari huvuta upande mmoja na tairi huliwa ukingoni. Si kawaida yake kutikisa usukani kwenye mwendo fulani na kuuacha mtulivu kwenye mwendo mwingine. Shoki iliyokufa huacha gurudumu lirukeruke na kuuzidisha mtetemo uliopo, lakini ni nadra iwe ndiyo iliyouanzisha asubuhi ileile uliyobadilisha rimu. Lililobadilika ni gurudumu. Anza na gurudumu.

Na kwenye gurudumu, anza na nati, leo, kabla hujaendelea kuendesha. Hapa sina mzaha hata kidogo. Zitoe moja moja uziangalie mdomo. Hilux nyingi zilizotoka kiwandani na rimu za aloi zina nati zenye shingo na washa bapa. Rimu nyingi za dukani zimechongwa kwa nati zenye mdomo wa koni. Ukifunga nati bapa kwenye tundu la koni, itakaza, spana italia, na kila mtu ataridhika, lakini chuma kimegusana na chuma kwenye ukingo mwembamba tu. Nati itaanza kulegea barabarani. Dalili ya kwanza ni mtetemo. Dalili ya pili hutaki kuiona. Fundi akikwambia nati zote ni sawa, mwombe akuonyeshe alama ya mgusano ndani ya tundu: inatakiwa iwe duara kamili, si mkwaruzo wa upande mmoja.

Zikishakuwa nati sahihi, zikazwe gurudumu likiwa limeinuliwa kwa jeki, kwa kurukia upande wa pili kila mara, si kwa kuzunguka kama mtu anayefuata foleni. Ukizifuata moja baada ya nyingine, ya kwanza huivuta rimu ikae upande, na zinazofuata huifunga hapohapo. Bunduki ya upepo isogeze nati tu. Ukazaji wa mwisho ni wa spana inayopima nguvu. Kiasi kimeandikwa kwenye kitabu cha gari, na kwa pikapu nyingi za hapa ni kati ya Nyutoni-mita 100 na 140. Yule kijana anayeongeza bomba la mita moja kwenye spana na kulirukia kwa miguu miwili anakaza kwa moyo wa kujitolea, ila anazivuta boliti zako na anaweza kupindisha diski ya breki.

Nati zikiwa salama, sasa msikilize mgonjwa. Mtetemo unaosikika kwenye usukani kwa kawaida unatoka magurudumu ya mbele. Unaosikika kwenye kiti na sakafu unatoka nyuma. Unaokuja ukikanyaga breki tu ni wa diski, na matairi hayana hatia. Kisha tazama mwendo. Gari linaloyumba kwenye 20 au 30, kama linachechemea, lina tairi ambalo si duara, au rimu iliyopinda, au nyuzi za ndani ya tairi zimeachana. Lililo tulivu mjini kisha likaanza kutetemeka kwenye 80 na kutulia tena juu ya 110 lina shida ya balansi, au rimu haijakaa katikati.

Kwa nini 80? Chukua tairi la 265/65 la inchi 17, linalopatikana kwenye pikapu nyingi. Mzunguko wake ni kama mita 2.4, kwa hiyo kwenye 80 linazunguka mara 9 kila sekunde. Weka gramu 30 tu za ziada ukingoni mwa rimu. Kwa mwendo huo gramu hizo huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 2, zikigeuza mwelekeo juu, chini, mbele, nyuma, mara 9 kila sekunde. Kwenye 40 nguvu hiyo ni robo yake, nusu kilo tu. Nguvu inakua kwa mraba wa mwendo. Ndiyo maana fundi akilijaribu gari lako kwa kuzunguka mtaa mmoja pale Ngara, kwenye msongamano wa matatu na mikokoteni, atarudi akiwa na uhakika wote kwamba gari ni zima. Hajadanganya. Hajafika kwenye mwendo ambao ugonjwa huonekana.

Tafuteni barabara basi, wewe na yeye, ndani ya gari moja. Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, ina kikomo cha 80, nacho kinatosha kuamsha gurudumu lenye kasoro kubwa. Ingia Westlands asubuhi ya Jumapili, shikilia mwendo mmoja, mikono ikiwa myepesi kwenye usukani. Usihesabu ile midundo ya kwenye maungio ya daraja. Hiyo ni ya barabara, huja na kupita. Mtetemo wa gurudumu hauendi. Kwa wanaokaa Kikuyu, Dagoretti na Karen, Southern Bypass iko karibu zaidi. Waiyaki Way saa 12 jioni haifai kwa jaribio lolote isipokuwa la subira.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halihitaji mashine. Hamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma, ya nyuma yaje mbele, kisha rudia barabara ileile kwa mwendo uleule. Mtetemo ukihama kutoka usukanini kwenda kwenye kiti, umemkamata: gurudumu ndilo lenye kosa, na sasa unajua ni jozi ipi. Ukibaki palepale, gurudumu limesingiziwa, nenda ukatafute kwenye gari lenyewe. Jeki, spana na nusu saa ya jasho vimekuokoa na kununua matairi manne ya pili.

Ukirudi kwenye balansi, simama kando ya mashine utazame kwa macho yako. Duka la heshima halitachukia. Fundi akishagonga au kubandika vyuma vya balansi, mwombe alizungushe gurudumu tena mbele yako: mashine inatakiwa isome sifuri pande zote mbili, wa ndani na wa nje. Kisha alilegeze, aligeuze nusu mzunguko kwenye mhimili wa mashine, alifunge na kulizungusha tena. Sifuri ikigeuka kuwa gramu 25, gurudumu halikukaa katikati ya mashine, na balansi yote ya awali ilikuwa kazi bure. Muulize pia kama alivitoa vyuma vya zamani, na kama alisafisha upande wa ndani wa rimu.

Huo upande wa ndani, kwa sisi wa magharibi ya mji, una historia yake. Udongo mwekundu wa Kikuyu, Kinoo na Dagoretti unanata wakati wa mvua na kukauka ukawa mgumu kweli. Mtu hubalansi gari Jumamosi, Jumapili akapitia njia ya shambani kuchukua kabeji, na Jumatatu alfajiri akielekea soko la Marikiti usukani unacheza tena. Anarudi dukani kugombana. Bonge la udongo lililokauka ndani ya rimu linazishinda kwa mbali zile gramu 30 tulizopiga hesabu. Kabla ya ugomvi, chukua maji, brashi, na uinamie ndani.

Sasa kuna kisa kinachowachanganya hata mafundi wazuri: mashine imesema sifuri, nati zimekaza, rimu haijapinda, na bado gari linatetemeka. Hapo tazama tundu la katikati ya rimu. Hilux, Ford Ranger za kuanzia 2011 na Mitsubishi L200 nyingi zote zina boliti 6 zilizopangwa kwenye duara la milimita 139.7, kwa hiyo muuzaji anasema kweli akisema rimu inaingia zote. Lakini habu ya Hilux ina upana wa milimita 106, ya Ranger 93, ya L200 67. Watengenezaji wa rimu za dukani hutoboa tundu kubwa, mara nyingi kama milimita 110, ili iingie kila mahali. Kwenye Hilux inabaki nafasi ya milimita 2 kila upande. Kwenye L200 rimu haijaigusa habu kabisa; inaning'inia kwenye nati peke yake.

Rimu ikikaa milimita 2 nje ya kitovu, gari zima linapanda na kushuka kila mzunguko. Mashine ya balansi haitaona, kwa sababu yenyewe ililishika gurudumu kwenye tundu la katikati, si kwenye boliti zako. Mashine na usukani wote wanasema kweli. Dawa ni ringi ya kuziba nafasi hiyo, yenye kipenyo cha habu yako kwa ndani na cha tundu la rimu kwa nje. Usipoipata ya saizi yako madukani, Grogan wapo mafundi wa kukereza vyuma. Wape vipimo vilivyopimwa kwa kalipa, si kwa kidole. Na kabla ya kufunga, sugua uso wa habu kwa brashi ya waya. Kutu ya miaka iliyovimba nyuma ya rimu ya zamani inatosha kuilaza rimu mpya upande.

Kama huamini kwamba tairi ni duara, inua gurudumu kwa jeki, gari likiwa limezuiwa kwa mawe, egesha kipande cha mbao chenye msumari karibu kabisa na tairi, kisha lizungushe kwa mkono. Nafasi kati ya msumari na mpira isibadilike. Ikipanuka na kufinyika, peleka msumari kwenye ukingo wa rimu. Rimu ikizunguka sawa lakini tairi likicheza, tazama ule mstari mwembamba ulio kwenye mpira karibu na rimu: unatakiwa uwe umbali uleule kuzunguka kote. Pale unapozama, tairi halijakaa vizuri, na litatolewa upepo, lipakwe sabuni, lijazwe upya.

Soma pia tarehe ya tairi. Tangu Sameer Africa ifunge kiwanda chake cha matairi hapa Nairobi mwaka 2016, mengi tunayofunga yamevuka bahari na kukaa kwenye maghala. Tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi linaloitwa jipya na limefikisha miaka 5 ghalani, likiwa limelaliwa na mengine, una haki ya kulikataa kabla halijafungwa.

Magurudumu yakishasafishwa jina, kuna watuhumiwa wachache wa zamani. Shika tairi lililoinuliwa juu na chini, ulitikise. Likicheza, shuku beringi au boljointi. Lishike kushoto na kulia; likicheza hivyo tu, shuku tairodi. Propela nayo huzunguka karibu mara 4 zaidi ya gurudumu, kwa hiyo mtetemo wake ni mwepesi na wa haraka, unausikia kama mngurumo sakafuni. Ikiwa uliiinua pikapu ili matairi makubwa yaingie, pembe ya propela imebadilika, na hakuna balansi ya tairi itakayoituliza.

Ukirudi dukani, andika kwenye karatasi: mwendo unaoanzia, mwendo unaoishia, usukani au kiti, na breki au bila breki, gari tupu au lenye mzigo. Fundi mwaminifu ataifurahia karatasi hiyo kuliko simu ya saa mbili usiku. Na vyovyote itakavyokuwa, nati za rimu mpya zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kutoka Kikuyu hadi Marikiti na kurudi ni kama kilomita 40. Ukimaliza safari ya pili, toa spana kabla ya kutoa ndoo ya kuoshea.