Jinsi ya Kukonda Kabla ya JKT Bila Kujisumbua

Mkeka wa Jeshi la Kujenga Taifa umetoka. Umelisaka jina lako kwa simu ya jirani mwenye bando, ukalikuta katikati ya maelfu ya wahitimu wa kidato cha sita, na ubavuni pameandikwa Bulombora, 821 KJ, Kigoma. Hongera, mzalendo. Sasa inamisha kichwa utazame miguu yako. Ukiiona yote miwili, ukurasa huu mpe mwenzako. Usipoiona, sogea karibu tuzungumze taratibu, maana siku zilizobaki ni chache na chipsi za hapa Nyakahura bado ni nyingi.

Hatua ya kwanza: tangaza. Usikimbie hata hatua moja kabla hujatangaza kwamba unakimbia. Anzia kijiwe cha bodaboda, pita kwa muuza chipsi, malizia nyumbani. Mama atapangusa jicho, halafu atamtazama jogoo. Shangazi aliyeko Ngara atapiga simu kwamba mtoto haendi jeshini kabla hajapita kwake, na kwake ni ndizi na maharage mpaka sufuria ionekane chini. Kula. Kumkatalia shangazi ni utovu wa nidhamu, na jeshi linataka vijana wenye nidhamu.

Hatua ya pili: mbio. Kuna watu watakushauri uamke saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo barabarani kuna ukungu na malori ya Rwanda tu. Nani atakuona? Mbio hupimwa kwa mashahidi. Kimbia jioni, watu wakiwa wametoka shamba na benchi la kijiweni limejaa. Mita mia mbili zinatosha, mradi ziwe za mteremko. Jasho lisikutie hofu: ni maji na chumvi. Maji yapo kisimani, chumvi ipo jikoni. Lowanisha kifua na mgongo. Makwapa yaache, hayo hujitegemea.

Siku ukitaka makubwa, panda bodaboda hadi Lusahunga, kunywa soda, rudi nayo, ushuke kabla ya kona ya mwisho. Wakikuuliza unatoka wapi, sema Lusahunga. Usiseme kwa miguu. Waache wamalizie wenyewe.

Hatua ya tatu ni mizani, na hapa mtoto wa Nyakahura una bahati ambayo mtu wa Bukoba mjini hana. Umekulia jirani na mizani ya malori. Umewaona madereva wakiisogelea kwa upole kama wanaingia kanisani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inalitaka lori kubwa kabisa, pamoja na mzigo wake, lisizidi tani 56, na bado kila ekseli ina kikomo chake. Ndiyo maana utingo anaweza kukesha akihamisha magunia kutoka nyuma kwenda mbele: mzigo ni uleule, ila umepangwa kwa heshima. Fanya vivyo hivyo. Vuta pumzi, pandisha kitambi kifuani, kibane hapo, salimia. Shikamoo moja ndefu inahitaji pumzi nyingi, kwa hiyo wazee wapungie mkono kutoka mbali.

Ukihitaji takwimu, nenda zahanati mara mbili. Mara ya kwanza uende mchana, umetoka kwa shangazi, umevaa koti, viatu vya ngozi, na mfukoni una simu, funguo na betri ya redio. Andika kilo hizo kwa wino mwekundu. Mara ya pili uende asubuhi kabla ya uji, pekupeku, na fulana moja. Tofauti yake ndiyo maendeleo yako. Mpigie picha muuguzi akiandika, kama atakubali.

Ile programu ya kuhesabu hatua nayo isikusumbue. Haijui nani anatembea. Mpe simu mdogo wako anayekwenda kuchota maji, na ukimpata kijana mwenye ng'ombe wa kuchunga, umefika: kufikia jua kuzama utakuwa umevunja rekodi ya kata.

Hatua ya nne, mtafute kocha. Mafunzo haya ya JKT ya mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa 2013. Hapo katikati pana akina mjomba tele waliomaliza kidato cha sita bila kuonja mchakamchaka. Hao ndio makocha bora kabisa. Aliyepitia kambini atakuambia mambo mawili matatu, kisha atanyamaza na kukuonea huruma. Asiyepitia atakueleza kwata, doria na namna ya kumjibu afande, tangu chai ya saa nne mpaka giza linaingia, nawe muda wote huo umekaa. Hakikisha umekaa karibu na sahani.

Usigome. Wasomi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya jeshi hili Oktoba 1966. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Isitoshe, kuandamana ni kutembea.

Moyo ukilegea, jipige picha. Ila usiazime magwanda ya mtu, hata ya mtumba. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia wanaomiliki sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo wazisalimishe, na halikuwa linatania. Ukinaswa nazo stendi, mafunzo yako yataanza kabla ya tarehe.

Sasa tulia, tumefika penye siri yenyewe. Chukua ile orodha ya vifaa ambavyo JKT linakutaka uende navyo. Raba za michezo, za kijani au bluu. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Nauli ya kwenda na kurudi. Kisha bukta: ya bluu iliyokolea, inayoishia magotini, mfuko mmoja nyuma, isiyo na zipu, yenye mpira kiunoni.

Soma tena hapo pa mpira. Hawakuandika kifungo wala mkanda. Jeshi hili lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Limeshapokea vitambi vya watoto wa wakulima, vya watoto wa wafanyabiashara na hata vya wabunge, likaamua kwa hekima yake kwamba kiuno cha kuruta kiachiwe mpira. Wewe ni nani uanze kushindana na kiuno hicho? Nenda kwa fundi cherehani, mwambie aweke mpira mpana, na abakize kamba ndani. Mpira ni wa kuendea, kamba ni ya mwezi wa pili. Huko kuna mchakamchaka kabla jua halijachomoza, kuna kwata, kuna jembe, kuna kichurachura kwa wanaochelewa, na kuna ugali na maharage visivyobembeleza mtu. Kukukondesha ni kazi ya afande, na analipwa mshahara kwa hiyo. Ukifika umeshakonda, yeye atapunguza nini?

Kwa hiyo siku ya safari, basi likisimama, liachie tumbo. Ndiyo, mbele ya watu wote. Litoe lote, geuka ubavu, upigwe picha ukiwa umeshika begi, na uitume kwenye kundi la ukoo kabla hamjafika Nyakanazi. Baada ya miezi mitatu utashuka palepale, shavu limeingia, bukta imefungwa kwa kamba. Wakikuuliza umefanyaje, usiitaje kabisa Kigoma. Waambie ni zile mbio za jioni.