Marehemu Anayeshika Chaji

Simu yangu imetangazwa marehemu, ilhali inashika chaji kutwa kucha. Kioo hakina ufa, spika yake inaamsha mtaa. Kilichokufa ni hamu ya kampuni iliyoitengeneza: masasisho yamekoma, na programu zinanifungia mlango moja baada ya nyingine. Ya benki imeniambia kifaa changu si salama. Ya kuchati ilijifunga wakati kundi la familia likijadili michango ya harusi, na shangazi mpaka leo anaamini nilikimbia mchango.

Nikaipeleka Kariakoo. Fundi akaichomeka kwenye kompyuta, akaguna.

"Mzima huyu, mzee wangu. Ila wenyewe wameifunga butiloda."

"Wenyewe akina nani, na simu nimenunua mimi?"

"Ndiyo hapo sasa."

Butiloda ni programu ndogo inayoamka kwanza ukiwasha simu, ikakagua saini ya kampuni kwenye mfumo. Saini isipokuwepo, mfumo hauwaki. Ingefunguliwa, fundi angeweza kujaribu LineageOS, mfumo wa Android unaotunzwa na watu wa kujitolea. Kufuli lina kazi yake, linamsumbua mwizi, sibishi. Lakini mwenye nyumba akishahama, ufunguo anaondoka nao wa nini?

Na kufungua kunawezekana. Kampuni ya saa za Pebble ilipofunga duka mwaka 2016, wapenzi wake waliunda Rebble ili kuzihudumia, na Januari 2025 Google, ambayo haki zilikuwa zimeifikia, ikauweka hadharani msimbo wa mfumo wa saa hizo. Spotify wao walikiuza Car Thing, kijiskrini cha kuchezea muziki garini, kisha Desemba 2024 wakakizima, wakiwashauri wateja wakitupe kwa kufuata utaratibu wa taka za kielektroniki. Kitu kizima, kinawaka, kizikwe kwa utaratibu! Walau watundu wa kompyuta walikuwa wameshapata njia ya kukifungua.

Fundi wangu naye hakukata tamaa ya biashara.

"Basi niuzie vipuri, mzee. Kioo hiki kinatafutwa sana."

"Kinatafutwa na nani, wakati simu yenyewe imekufa?"

"Na wenye simu kama yako. Wamejaa mjini, na zao zimepasuka."