Magofu Yatasubiri

Bajeti ya kwanza niliyoiandika ya safari ya Bagamoyo na Saadani ilikuwa na mistari mingi ya viingilio, waongoza watalii na malazi, na mstari mmoja mfupi wa chakula. Mama Mwenyekiti aliisoma miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, akaomba kalamu. Alipoirudisha, chakula kilikuwa na kurasa mbili, na urithi wa taifa ulikuwa umebanwa kwenye mstari mmoja pamoja na vijiti vya meno.

"Mwanangu," aliniambia, "hayo magofu yapo tangu karne ya 13. Yatasubiri. Pilau haisubiri."

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani kwetu, Tabata. Fedha tunakopeshana kwa nidhamu nzuri tu. Marejesho yanakuja, faini za kuchelewa vikao zinalipwa, daftari linafungwa kila mwezi. Likitajwa tu neno matembezi, nidhamu yote hiyo inaaga na kwenda zake.

Tuanze na orodha ya majina. Iliwekwa kwenye kundi la WhatsApp ili kila mtu ajiandikishe mwenyewe. Anayetaka kujiandika ananakili orodha, anaongeza jina lake mwishoni na kuirudisha. Tatizo ni kwamba alikuwa ananakili ya jana, kwa hiyo kila aliyeingia alifuta watu watatu waliotangulia. Waliofutwa walijirudisha kwa kuwafuta wengine. Kufikia Ijumaa tulikuwa na orodha saba, zote zikiwa na kichwa ORODHA SAHIHI. Wapo waliothibitisha kwa kutuma picha ya mikono iliyofumbatwa, na mweka hazina akawajibu kwamba ameiona mikono, ila haijaja na namba ya muamala.

Halafu kuna mtoto wa kupakata. Kwa utaratibu wetu mtoto wa kupakata halipiwi kiti, na utaratibu huo uliandikwa na watu wenye imani kubwa na wenzao. Siku ya safari watoto wa kupakata walifika. Mmoja wao yuko kidato cha tatu na sauti imeshavunjika. Mama yake alimpakata, siwezi kumsingizia. Alimpakata kwenye goti moja mpaka Mwenge, baada ya hapo kijana akamwomba mama yake ruhusa ya kusimama.

Gari nalo lina habari yake. Picha tulizotumiwa na mwenye gari zilionyesha basi refu, jeupe, lenye mapazia. Lililokuja lilikuwa na undugu nalo wa mbali, kwa upande wa shangazi. Tuliulizia kiyoyozi tukaambiwa kipo, na kweli kilikuwepo, tulikiona. Dereva alieleza kwamba kikiwashwa gari halipandi mlima. Mama mmoja akauliza, kati ya Tabata na Bagamoyo huo mlima uko wapi. Dereva akamtazama kwenye kioo akasema, "Mama, kaa tu."

Kuhusu muda wa kuondoka, tulitangaza saa kumi na moja na nusu alfajiri ili tuondoke saa kumi na mbili. Ujanja huu ni wa zamani na unatumiwa na makatibu wote, ndiyo maana haufanyi kazi: kila mtu mzima wa Dar es Salaam anaujua, kwa hiyo akisikia saa kumi na moja na nusu naye anaongeza yake. Aliyefika kwa saa iliyotangazwa alikuwa Babu, fundi cherehani mstaafu, ambaye alitoka msikitini moja kwa moja, akakalia kiti cha mbele na kuanza kumsomea kila anayepanda dakika alizochelewa. Tulipoondoka jua lilikuwa limeshatuzoea. Basi likaenda kama mita 400, likakunja kuingia sheli. Sijui kwa nini magari ya kukodi hulala bila mafuta. Malipo ya awali yanachukuliwa mapema, lakini mafuta ni lazima yanunuliwe mbele ya abiria wote, wawe mashahidi.

Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kilomita 70 hivi. Kwenye ratiba niliweka kusimama kumoja, nako ni kufika. Kumbe kamati ya vinywaji, ambayo ilitaka ionekane inafanya kazi, ilikuwa imeshagawa soda na maji kabla hatujaiona Ubungo. Hatukuwa tumemaliza Tegeta sauti ya kwanza ikasikika kutoka viti vya nyuma: "Suka, tuchimbe dawa!" Basi likasimama. Wakashuka wenye haja, wakashuka na wasio na haja kwa kuwa gari limesimama, na mmoja akaonekana anavuka barabara kwenda kununua mahindi ya kuchoma. Walipokwisha kurudi wote, aliyekuwa amekataa kushuka akasema sasa na yeye anasikia. Siku hizi nikisikia mtu anapanga safari ya kikundi kwa kuanza na vivutio, namhurumia. Anza na vyoo, kisha utafute vivutio vilivyo karibu navyo.

Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa mji wa Bagamoyo, ilitupokea tukiwa tumebakiwa na heshima kidogo. Pana mabaki ya misikiti miwili, mmoja wa karne ya 13, kati ya mikongwe zaidi katika bara upande huu wa pwani. Pana makaburi ya mawe ya matumbawe yenye nguzo, na kwenye nguzo hizo unaona vishimo vya mviringo. Mwongozaji alitueleza kwamba humo yalipachikwa mabakuli ya kauri yaliyokuja na biashara kutoka China, alama ya ukubwa wa marehemu. Akaeleza na jinsi mchanga na mikoko vilivyoiziba bandari mpaka biashara ikahamia Bagamoyo. Alikuwa anasimulia vizuri, na kwa dakika chache hata kijana wa kupakata aliweka simu mfukoni. Shangazi mmoja ndiye aliyeuliza mabakuli yenyewe yako wapi. Aliposikia kwamba mengi hayapo tena mahali pake, aliguna, akarudi kwenye basi kuhesabu hotipoti.

Kilichowagusa wenzangu zaidi ni mbuyu. Pale Kaole upo mbuyu mkubwa wa mamia ya miaka, na simulizi za wenyeji zinasema ukiuzunguka unaongezewa umri. Kikundi kilichokuwa kimechoka kutembea kati ya makaburi kikapata nguvu mpya. Walizunguka wenye presha na wenye sukari, na dereva naye akazunguka, jambo lililotufariji wote. Kuna mwenzetu ambaye mkopo wake unasumbua kwenye daftari kwa muda mrefu. Mweka hazina alimshika mkono akamsindikiza mwenyewe. "Zunguka, baba, zunguka," alimwambia. "Marejesho yako yanahitaji miaka." Babu peke yake alikataa kata kata. Alisema mwaka mmoja zaidi ni michango kumi na miwili zaidi, na yeye hana cherehani tena.

Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, tuliitembelea kwa haraka kwa sababu muda wetu ulikuwa umeliwa na mbuyu. Hapo pana mnara wa kanisa la zamani ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Wenzangu walipiga picha na kuuliza choo. Mimi nilibaki nawawaza watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, nikawaonea wivu. Livingstone alifariki Mei 1873 kule Chitambo, ambako leo ni Zambia, nao wakaubeba mwili kwa miguu kwa muda wa miezi tisa hivi, zaidi ya kilomita 1,500, kupitia maradhi na vitisho vya njiani, mpaka pwani. Katibu yeyote anaelewa uzito wa kazi hiyo. Ila nitasema ukweli: abiria wao mkuu hakuomba kuchimba dawa hata mara moja.

Baada ya hapo ilikuwa zamu ya bahari. Watu walivaa nguo za kuogelea ndani ya nguo zao tangu nyumbani, wakashuka ufukweni mbio, wakasimama. Bahari haikuwepo. Ulikuwepo mchanga, tope, ngalawa zilizolala ubavu, na kule mbali sana mstari mwembamba wa buluu. Mvuvi mmoja aliyekuwa anashona wavu wake alitucheka kwa adabu. Tulikuwa kwenye bamvua, mwezi mpevu, na katika pwani hii siku za bamvua maji hukauka sana mnamo saa nne au saa tano za asubuhi, kisha hurudi kujaa alasiri. Anayetaka kuogelea asubuhi aje siku za maji mafu. Mtoto yeyote wa Bagamoyo analijua hilo. Sisi tarehe tuliichagua kwa kufuata mshahara, na bahari haina habari na mshahara wa mtu. Mama Mwenyekiti akaamua hotipoti ya kwanza ifunguliwe hapo hapo, watu wasikae bure.

Tukalala Bagamoyo. Ya gesti ni mambo ya ndani ya kikundi.

Saadani ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina kilomita za mraba 1,100 hivi, na sifa yake ni kwamba mbuga inashuka mpaka kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Ukijaliwa, utaona mnyama na wimbi kwa jicho moja. Kabla ya hapo kuna geti, na getini hawapokei noti. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Mweka hazina alikuwa na fedha zote taslimu, zimefungwa kwenye pindo la khanga na kukazwa kiunoni kwa ustadi ambao jambazi yeyote angeukatia tamaa. Ikabidi kutafuta ndani ya basi mtu mwenye salio la kutosha kwenye simu, alipe, arudishiwe taslimu. Ghafla wale wote ambao tangu Tabata walikuwa wakisimulia viwanja vyao vya Kigamboni wakawa wanatazama ndege. Aliyetuokoa ni yule mama wa mtoto wa kupakata. Tangu siku hiyo suala la kiti cha mwanawe halijazungumzwa tena.

Ndani ya hifadhi kila mtu alikuwa anataka simba, kana kwamba ameandikwa kwenye risiti. Babu, Yanga wa damu, alitoa tamko kwamba kiingilio chake kihesabiwe cha twiga, simba hakuja kumwona na hata nyumbani hamtazami. Tuliona twiga, ngiri mkia juu, kongoni wenye nyuso za watu waliofiwa, na kuro kwa mbali. Tungeona zaidi kama redio ingezimwa. Askari wa hifadhi aliyepanda nasi aliomba kimya, tukanyamaza wote, na katika kimya hicho sauti nyembamba ikatoka kiti cha tatu: "Afande, hivi hapa mtu anachimba wapi dawa?"

Afande alieleza kwa upole kwamba kushuka garini hakuruhusiwi. Eneo lenye choo liko mbele kidogo. Ukimya ulioingia hapo haukuwa wa kuangalia wanyama. Nilitazama nyuma nikaona safu nzima ya watu wazima wameshika viti vya mbele yao, wanapumua kwa mpango. Kamati ya vinywaji ilikuwa inatazama sakafu.

Na hapo hapo, kwenye udongo mweusi ulionyeshewa usiku, basi likazama. Tairi la nyuma lilizunguka, likarusha tope, likatulia. Afande akashuka na bunduki yake, akatazama kushoto na kulia, akasema wanaume washuke wasukume. Hakumaliza sentensi. Basi lilimwagika lote, wanaume kwa wanawake, likaelekea nyuma ya gari kwa kasi ambayo haikuonekana siku ya kuondoka, kila mmoja na kichaka chake kisichozidi hatua tano, afande akipiga kelele kwamba pasipitwe hapo. Waliobaki kusukuma ni dereva na Babu. Twiga aliacha kula.

Lilitoka, mwishowe, kwa nguvu za watu waliokuwa wamepata faraja. Mashua ya mto Wami ya kutazama viboko na mamba ilikuwa kwenye ratiba, lakini tulipofika ufukweni pilau ilikuwa imeshafunguliwa, na hakuna katibu duniani anayeweza kumtoa Mtanzania kwenye pilau kwa ajili ya kiboko.

Kikao cha tathmini kilikaa Jumapili iliyofuata. Magofu: mazuri. Bahari: irekebishwe. Wanyama: wachache. Pilau: ilipungua. Wajumbe wakapitisha kwa kauli moja kwamba safari ijayo ni Mikumi, hifadhi ya tangu 1964, kwa sababu kule barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inakatiza katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi na mtu anaweza kuona tembo bila kushuka wala kuzama. Nikawajulisha kwamba mwendo una kikomo, na kwamba pale njiani yapo mabango yanayotaja faini ya kumgonga kila mnyama, mmoja mmoja kwa jina. Mweka hazina akauliza kama faini hiyo italipwa na dereva au itaingia kwenye mgao wa wanachama. Mama Mwenyekiti akasema ngoja kwanza, yeye ana swali la msingi zaidi: kama faini tumeshalipa, nyama inakuwa ya nani?

Nimeliandika kwenye muhtasari, chini ya mengineyo.