Amesimamishwa Kazi

Shemeji yangu huhariri video za harusi na sendofu, na kompyuta anayofanyia kazi hiyo iko sebuleni kwangu kwa sababu kwake, anasema, kuna vumbi. Mashine ni ya mtumba, imekwishamaliza ujana wake kwenye ofisi fulani Ulaya, na kwa muda mrefu ilikuwa ikijikongoja bila kumkosea mtu. Balaa lilianza siku shemeji alipotaka iende mbio. Akaingia Kariakoo, akatoka na kadi ya grafiki ndani ya boksi lenye picha ya joka linalotema moto: GTX 1050 Ti, GB 4, kwa bei ya kuoneana huruma.

Kilichomfurahisha zaidi ni tundu la bluu la VGA nyuma ya kadi. Monita yetu ni ya kizamani, inataka waya wa VGA na haitaki mwingine. "Unaona, shemeji? Na sisi tumefikiriwa," alisema huku akikaza skrubu.

Tulipowasha, kila kitu kwenye skrini kilikuwa kimevimba. Windows isipopata draiva ya kadi hushika ile yake ya dharura, inayojua kuonyesha picha tu, mengine tusiidai. Ikoni chache zikajaza skrini nzima, na bi harusi wa Jumamosi iliyopita akaonekana pua na shela. Dawa inajulikana: pakua draiva. Ila draiva za siku hizi zinapita MB 600, na nyumbani kwangu MB 600 ni jambo la kikao. Shemeji akamwomba dada yake hotspot, "dakika mbili tu." Mke wangu, kwa upendo, akawasha. Bando la wiki likakata faili likiwa halijafika nusu, na upendo nao ukapungua spidi.

Habari za bando la pili naziruka. Draiva ikaingia, kompyuta ikazimwa ikawashwa, skrini ikawa nyeusi kidogo, kisha ikarudi na uvimbe wake. Kwenye orodha ya vifaa kadi ilikuwa na jina lake kamili, ila juu yake imebandikwa pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao. Ukiibofya unakutana na kosa namba 43, ambalo maelezo yake ni haya: Windows imekisimamisha kifaa hiki kwa sababu kimeripoti matatizo.

Mjomba, mtumishi wa umma mstaafu, alikuwa kwenye kochi akisubiri taarifa ya habari. Akavaa miwani, akasogea, akataka nimsomee tena.

"Kimeripoti matatizo chenyewe?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na kilichosimamishwa ni hichohicho?"

"Hichohicho."

"Basi hii naijua." Akarudi kwenye kochi. "Mwulizeni kama kapewa barua."

Habari zikatoka nje, na ushauri ukaanza kuingia. Kijana wa jirani akasema tupige Windows upya. Wapo watu ukiwaambia bomba linavuja watakwambia upige Windows upya. Mwingine akataka tuchomoe RAM tuzisugue kwa raba ya shule. Mke wangu akapendekeza kadi irudishwe ilikonunuliwa, wazo ambalo halikupata wa kuliunga mkono.

Shemeji akaamua kwenda kitaalamu. Kuna programu iitwayo Display Driver Uninstaller, kazi yake ni kung'oa draiva na mizizi yake yote. Unaiendesha Windows ikiwa kwenye hali salama, na maelekezo yanasisitiza ukate intaneti kwanza, la sivyo Windows itajiletea draiva nyingine kimyakimya wakati wewe bado unafagia. Hilo la kukata intaneti tulilitekeleza kikamilifu, tena tangu jana yake. Akang'oa, akaweka draiva mpya. Akang'oa, akaweka ya zamani. Akang'oa, akaweka ya katikati. Pembetatu haikuhama. Ikafika mahali akawa anaiambia kompyuta maneno anayowaambia mabwana harusi wasiomalizia malipo.

Jumapili akaja fundi. Draiva hakuzigusa. Aliinama nyuma ya mashine na tochi ya simu, akanyanyuka taratibu.

"Kaka, hii ina VGA."

"Eeh!" shemeji akajibu kwa fahari.

"1050 Ti haina VGA."

Ni kweli. NVIDIA ilipotoa chipu za familia ile mwaka 2016, VGA iliachwa nje kabisa. Fundi akachomeka flashi, akafungua GPU-Z, programu ndogo ambayo tangu 2018 inajua kuzinusa kadi za namna hii. Jina la kadi likatokea, na mbele yake neno FAKE kwa herufi kubwa, halihitaji hata miwani.

Kumbe lile joka lilikuwa limelalia GTS 450 ya mwaka 2010, yenye GB 1. Kila kadi ya grafiki ina BIOS yake, programu fupi iliyoandikwa ndani ya chipu, na kompyuta ikiuliza "wewe nani?" hiyo ndiyo hujibu. Mtu alikuwa ameifuta ya asili akaandika nyingine, yenye jina kubwa na kumbukumbu ya kubuni. Draiva, isiyo na hiyana, inaamini kilichoandikwa. Inaikabidhi kadi kazi ya vichakataji vidogo 768, wakati kadi ina 192. Kadi inalemewa, inaripoti, inasimamishwa.

Mjomba akapunguza sauti ya runinga. "Vyeti feki!"

Uhakiki wa 2017, ule ulioibua watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, ulimkuta akiwa bado ofisini, na akiusimulia utadhani aliuendesha yeye. Mimi nilikuwa nimeanza kuipenda ile kadi. Katika biashara nzima, kuanzia aliyeichakachua hadi aliyeifunga kwenye boksi, ni yenyewe tu iliyokuwa ikijitokeza kila asubuhi kusema mambo hayako sawa.

Fundi akairudishia BIOS yake, akaweka draiva ya mwaka 2018, ya mwisho kwa kadi za rika lake, na skrini ikanyooka. "Amerudishwa kazini," mjomba akatamka, "kwa cheo chake halisi." Video za harusi zinatoka kwa mwendo uleule wa zamani, ila sasa kuna na feni inayopiga kelele.

Zikabaki hela. Mjomba akamtuma shemeji Kariakoo na hoja iliyokamilika: wale wa vyeti feki walianza kurudishiwa michango yao mwaka 2022, kwa hiyo na yeye arudishiwe yake. Muuzaji alimsikiliza kwa heshima zote, akaigeuzageuza kadi, akasema zenye VGA zimekuwa adimu, angejua angeiuza ghali zaidi. Shemeji akarudi na kipanya kisicho na waya. Betri, aliambiwa, zinauzwa duka la pili.