Mgonjwa wa Sebuleni Kahawa Sukari

Tumbawe, ingawa jirani yeyote wa Kahawa Sukari yuko tayari kuapa kwamba ni jiwe, ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipi, ambao hujijengea kiunzi cha chokaa na kuupangisha ndani ya miili yao mwani usioonekana kwa macho, nao mwani huo hulipa kodi kwa sukari unayoitengeneza kutokana na mwanga. Maji yakizidi joto, mpangaji hufukuzwa na mwenye nyumba akapauka, kama ilivyotokea mwaka 1998 katika pwani ya Kenya, ambako matumbawe mengi yalikufa. Kumpandisha kiumbe wa namna hii hadi mwinuko wa takriban mita 1,500, katika mtaa ambao wakazi wake hulala na soksi mwezi wa Julai, ni shughuli inayodai hita, pampu, chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, vibali halali (kwa kuwa matumbawe magumu yanalindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe) na, kwa maoni ya mama mkwe, maombi.

Mgeni huyo akifika, mfuko wake huachwa uelee juu ya maji ya tangi kwa takriban dakika 20 ili joto lilingane, kisha yeye na maji yake humiminwa ndani ya ndoo na kuanza kutiliwa maji ya tangi tone kwa tone kupitia mpira mwembamba uliofungwa fundo, mpaka maji ya ndoo yaongezeke maradufu. Sababu ni chumvi: tangi hutakiwa kuwa na sehemu 35 za chumvi katika kila sehemu 1,000 za maji, na mfuko wa safari huenda ukawa na kiwango kingine, ilhali polipi hawezi kuhimili badiliko la ghafla. Ni katika hatua hii ambapo jirani aliyekuja kuomba kiberiti huuona mpira wa dripu ukining'inia sebuleni, akauliza kwa sauti ya chini ni nani amelazwa, na akielezwa kwamba ni jiwe, hutoa pole kwa familia nzima.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, hutokea baadaye. Tumbawe lililohamishwa hujikunja, hutoa ute na kuonekana limekufa, hali ambayo ni ya kawaida na huweza kudumu siku kadhaa. Lakini mfugaji mwenye huruma hulitoa chini, palipo na mwanga hafifu panapolifaa kwa wiki za mwanzo, akalipeleka juu karibu na taa, kisha kushoto, kisha mbele ya pampu, na kila linapohamishwa hujikunja upya, naye huchukua jambo hilo kuwa ushahidi kwamba mahali pale hapakufaa. Stima ikipotea katikati ya zoezi hilo, tumbawe hupata angalau nafasi ya kupumzika kutokana na mwenyewe, mradi pampu ya betri ipo.

Maji ya ile ndoo ya dripu, ambayo hayarudishwi tangini kwa sababu huenda yana minyoo bapa, hayamwagwi pia kwenye sukuma wiki, kwani chumvi huzuia mizizi kunyonya maji, na hakuna maelezo ya kisayansi yanayokubaliwa jikoni mboga zinapokuwa zimekwisha kunyauka.