Dakika Kumi za Jikoni

Waandishi wa mapishi wana saa yao. Ukisoma kwamba faji ya njugu ni "rahisi, dakika kumi tu", jua saa hiyo inaanza kuhesabu pale njugu zimeshakaangwa na kumenywa, sufuria imeshasuguliwa, mtungi una gesi na hakuna mtu anayebisha hodi. Inaacha kuhesabu mara tu mchanganyiko unapomiminwa kwenye trei. Nani ataosha vyombo, na hiyo trei itakaa wapi mpaka igande, hayo si yake. Mwandishi keshaenda zake.

Faji yetu ilishuka Mombasa kutoka Nairobi ndani ya simu ya mpwa wangu, mwishoni mwa Ramadhani ya mwaka 2025. Kwa ambaye hajakutana nayo, faji ni sukari, maziwa na siagi vilivyopikwa hadi vikawa kitu baina ya kashata na halwa: kisu kinakikata, lakini ulimi unakiyeyusha. Hii ya mpwa wangu ilikuwa ya njia ya mkato. Kopo moja la maziwa mazito matamu, chokoleti ya kupikia gramu mia tatu na kitu, kipande cha siagi, njugu kikombe kizima. Unayeyusha, unakoroga, unamimina, unatia kwenye friji.

"Mjomba, hata wewe unaweza," akaniambia.

Nilikuwa nimefunga, sikutaka ugomvi.

Jiko lenyewe ni la shangazi yangu, na kwake Idd haijaandama mpaka labania, vile vitamu vyake vya shira, ziwe zimekatwa na kupangwa kwenye sinia. Akasikiliza maelezo ya mjukuu wake mpaka mwisho, amejifunga leso, uso hauoneshi kitu.

"Na shira unaipika saa ngapi?"

"Haina shira, Bibi. Ndiyo uzuri wake."

"Basi hilo si pishi, ni kuchanganya dawa."

Msimlaumu. Mtu aliyetumia umri wake kuielewa shira hawezi kufurahi akiambiwa haihitajiki tena. Maana shira si mchezo. Sukari ikishayeyuka na kuanza kuchemka, maji yanatoka kwa mvuke, na kadiri yanavyotoka ndivyo joto linavyopanda. Faji ya asili, ile isiyo ya mkato, inataka shira ifike nyuzi kama 114 za Selsiasi. Hapo tone lake ukilidondosha kwenye maji baridi linajikusanya likawa kidonge laini. Ukipitiliza mpaka karibu na 150, ushaingia kwenye kashata za kumpeleka mtu kwa daktari wa meno. Halafu, ikishaepuliwa, faji hiyo inataka kuachwa kabisa. Usiiguse, usiichungulie kwa kijiko, mpaka ipoe ifike nyuzi 45 hivi, ndipo uipige kwa mwiko mpaka mng'ao wake ufifie. Ukikoroga ingali moto, chembe za sukari zinashikana mapema na kunenepa, na utakachowapa wageni ni mchanga mtamu. Hata punje moja iliyoganda ukingoni mwa sufuria ikitumbukia yaweza kuharibu kazi yote.

Shangazi haya yote anayajua bila tarakimu hata moja. Anachukua tone la shira kati ya kidole cha shahada na gumba, anavitenganisha, anautazama uzi unaovutika. Akiridhika anaepua. Anakamulia ndimu kidogo, na ukimuuliza kwa nini, anasema inaitia sukari adabu. Watu wa maabara wangesema asidi inaivunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na hizo zinaizuia iliyobaki isigande ovyo. Mimi naona adabu inatosha.

Mpwa wangu, kwa kutaka kumridhisha, alipendekeza labania za mwaka huo zipimwe joto kitaalamu. Akapekua droo ya dawa, akarudi jikoni na kipimajoto.

"Nani mgonjwa?" Shangazi akauliza, keshaanza kuhangaika.

Kile kijiti kinaishia nyuzi 42. Kingetumbukizwa kwenye shira ingekuwa ndiyo safari yake ya mwisho.

Tukiwa tunangoja chokoleti iletwe kutoka dukani, tukasomewa historia. Kuna barua ya Emelyn Hartridge, aliyesoma chuo cha Vassar, jimbo la New York. Anaeleza kwamba mwaka 1886 binamu wa mwanafunzi mwenzake alikuwa akipika faji mjini Baltimore, ikiuzwa senti 40 kwa ratili. Emelyn akaipata siri, na mwaka 1888 akapika ratili 30, karibu kilo 14, kwa ajili ya mnada wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Homa ya faji ikaenea vyuo vya wasichana. Kisha tukasikia habari za Mamie Eisenhower, mke wa aliyekuwa Rais wa Marekani, ambaye faji yake maarufu yenye chokoleti na njugu inaanza na vikombe vinne na nusu vya sukari.

"Vinne na nusu," Shangazi akarudia, kwa mara ya kwanza akionesha heshima. "Na huyo mumewe alikuwa mzima?"

Mumewe alishikwa na mshtuko wa moyo mwaka 1955. Sisemi ni faji. Nasema tu alishikwa.

Sasa njugu. Maelezo yalisema "njugu kikombe kimoja", maneno matatu, yakasonga mbele. Lakini njugu za sokoni Marikiti hazikuja zimevaa nguo za kutokea. Zilikuja zimekaangwa kwa chumvi, na kila moja na ngozi yake nyekundu. Kazi hiyo nikapewa mimi, kwa hoja kwamba nilikuwa nimekaa. Unazifikicha viganjani, ngozi zinaachia, unazitia kwenye ungo unazirusha, unazipuliza. Nilichagua sebuleni kwa sababu jikoni palikuwa hapakaliki: mwezi wa Machi Mombasa mchana unapita nyuzi 30, na majiko mawili yakiwaka mtu anaiva kabla ya pishi.

Sebuleni palikuwa na feni, lakini imezimwa. Mchana kutwa imezimwa, kwa ajili ya ule ungo. Ndipo akaingia binamu yangu kutoka juani, akasalimia, na kwa mkono uleule aliopunga salamu akabonyeza swichi.

Sijapata kuona kitu chepesi kama ngozi ya njugu kikifanya kazi kubwa hivyo. Zilipaa zote kwa pamoja, zikazunguka mara moja chini ya dari, kisha zikachagua pa kutua. Nyingine kwenye pazia lililofuliwa kwa ajili ya Idd. Nyingine kwenye buibui la Shangazi, lililopigwa pasi likatundikwa mlangoni. Nyingine kwenye ndevu za binamu, ambaye alibaki kidole kwenye swichi akiuliza, "Kwani nimefanyaje?" Nyingi zaidi zilirudi kwenye ungo, juu ya njugu safi, kana kwamba hatujafanya kitu tangu asubuhi.

Jikoni nako hakukuwa shwari. Mpwa wangu alikuwa ameteleka sufuria ya maji, juu yake bakuli la chokoleti, iyeyuke taratibu kwa mvuke. Ndivyo inavyotakiwa. Chokoleti ilikuwa imelainika vizuri, inang'aa, akaenda kupokea simu. Shangazi akapita, akaona chakula kiko wazi na nzi mmoja anazunguka. Katika nyumba ile chakula hakiachwi wazi. Akafunika.

Yule nzi sijui alikokwenda. Mvuke ndio uliopanda, ukagonga mfuniko, ukageuka maji, na maji yakadondoka ndani. Chokoleti ina tabia moja ambayo wenye maelezo ya dakika kumi hawaitaji: ni unga mkavu wa kakao na sukari unaoogelea kwenye mafuta, na matone machache ya maji yanatosha kuifanya sukari ilowe na kushikamana. Mpwa wangu alipofunua alikuta donge jeusi, gumu, lenye chembechembe, limeung'ang'ania mwiko. Akaanza kulia, na kulia umefunga, saa tisa za mchana, ni kulia kwelikweli.

"Nani aliyefunika?"

"Nzi," Shangazi akasema.

Kisha, bila kuongeza neno, akatia maziwa kwenye kisufuria, akayapasha, akaanza kuyamimina juu ya lile donge kidogo kidogo huku anasonga. Nikadhani tunaongeza msiba. Kumbe maji kidogo ndiyo yanayoigandisha chokoleti, yakizidi inalegea tena, inarudi laini. Hajawahi kusoma popote. Anasema halwa ikikaza unailegeza, kuna ajabu gani? Donge likasalimu amri. Yakaingia maziwa mazito, ikaingia siagi, zikaingia njugu pamoja na ngozi zao zilizorejea. Ikapendeza machoni. Kuonja, hakuna wa kuonja, nyumba nzima imefunga. Mpwa wangu akataja rai kwamba mpishi anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Shangazi akamtazama, rai ikafutwa.

Ila kitu kilicholegezwa kwa maziwa kinahitaji baridi ya kutosha ili kishikane, na trei ilipoingia kwenye friji, stima ikapotea.

Sitaki kuzungumzia stima.

Ilirudi ikikaribia adhana. Tulipofungua friji tukakuta trei imeshika juu, utando mzuri tu, na chini yake mambo bado yanajadiliwa. Mpwa wangu hakukubali kushindwa. Tulipokwisha futuru akachukua kisu akakata mapande ya mraba, na nitamtetea popote: kwa muda wa kumeza mate yalikuwa mapande. Tukaonja. Jamani, ilikuwa tamu. Ile chumvi ya Marikiti, ambayo hakuna aliyeitaka, ilikuwa imeukata utamu pale pale ulipoanza kuchosha. Binamu alikula cha kwanza kwa mkono, cha pili kwa kijiko, cha tatu akaomba bakuli.

Sahani za majirani zilikuwa zishapangwa. Labania upande mmoja, zimekatwa pembe nne za mshazari, kila moja inajua mpaka wake. Faji upande wa pili. Shangazi alitaka faji itolewe kabla haijaiaibisha nyumba. Mpwa akasema kama haiendi, na yeye haendi Idd. Zikafunikwa vitambaa, zikatumwa, usiku ule wenye joto, kupitia vichochoro viwili na ngazi tatu.

Haikupita saa nzima akaja mtoto wa jirani, ile sahani yetu mkononi. Sahani hairudi tupu, ilikuwa na viazi karai.

"Shikamoo. Mama anashukuru," akasema, anapumua kwa mbio alizokuja nazo. "Labania amesema ni kama za kila mwaka. Anauliza hiyo sosi ya chokoleti mliyozimwagia pembeni mmeinunua duka gani, maana baba ameimaliza kwa mkate wa kumimina na anataka nyingine ya kesho."

Mpwa wangu akafungua kinywa aeleze kwamba ile si sosi, ni faji. Shangazi akamtangulia, akajifunga leso upya, akainua kidevu.

"Mwambie mama haiuzwi dukani," akasema. "Ni pishi la nyumba hii, tangu enzi za bibi yangu."