Namna ya Kuwa Mchongaji wa Pwani

Kwanza, hama. Hamia baharini wakati ambao kila mwenye akili anakushauri ubaki ulipo. Mchongaji wa Uingereza, Barbara Hepworth, aliondoka London mwezi Agosti 1939, siku chache kabla ya Vita Kuu ya Pili, akaenda pwani ya Cornwall na mumewe, mchoraji Ben Nicholson, na watoto mapacha watatu ambao walikuwa hawajatimiza miaka mitano. Vifaa vya kuchongea havikupatikana, nafasi haikuwepo, mchana ulikuwa wa watoto na bustani ya mboga. Basi akachora usiku na kuunda vitu vidogo vya plasta. Nawe fanya hivyo hivyo.

Kisha itazame bahari mpaka uchoke, halafu uitazame tena. Usikimbilie kuchonga samaki na jahazi. Itazame sanamu yake Pelagos ya mwaka 1946: mti uliokombwa ndani, umejikunja kama mikono miwili ya ghuba inayotaka kukutana, na nyuzi zimevutwa toka ukingo hadi ukingo. Hizo nyuzi alizieleza kuwa ni mvutano aliousikia baina yake na bahari, upepo na vilima. Hakuna wimbi hata moja pale, na bahari imo yote.

Toboa pia. Yeye alianza kutoboa jiwe mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wakikuambia umeharibu jiwe zima, waambie wazunguke upande wa pili wachungulie.

Kuhusu mti, usiwe mwoga. Katikati ya miaka ya 1950 aliletewa magogo makubwa ya guarea kutoka Nigeria, mti mgumu wenye kunukia, na kutoka humo ikazaliwa sanamu ya Corinthos. Hapa naumia kidogo. Sisi wenye mvule na mninga tumezoea kuona gogo tukafikiria mlango au kitanda, basi.

Chonga nje, kama yeye katika bustani ya Trewyn, mjini St Ives, huko huko Cornwall, aliyoinunua mwaka 1949. Mwanga wa pwani haufichi kosa la patasi. Nafasi ikikubana, nunua ukumbi wa dansi! Nasema kweli: mwaka 1961 alinunua Palais de Danse, ng'ambo ya barabara, na humo akaiandaa Single Form, sanamu ya shaba nyeusi yenye kimo cha mita 6.4. Ni kumbukumbu ya rafiki yake Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ambaye ndege yake ilianguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, mwaka 1961 akienda kusuluhisha vita vya Katanga, nchini Kongo. Imesimama mbele ya makao makuu ya Umoja huo, New York, tangu 1964.

Hepworth alifariki mwaka 1975, nyumba yake ya Trewyn iliposhika moto. Patasi zake na mawe aliyoyaacha bila kuyamaliza bado yapo hapo, ambapo sasa ni makumbusho. Wewe wa Kilwa, Lamu au Bagamoyo huna haja ya kusafiri kwanza. Tafuta gogo, noa patasi, anza.